Kosa Lako Linakwenda Wapi? Bibi Mhazili Anajibu Barua Zenu

Mwezi huu nimepokea barua tano zinazogusa jambo moja: vyombo vya kuandikia. Nne zimekuja kwa simu. Ya tano imekuja ndani ya bahasha yenye stempu, imeandikwa kwa peni ya bluu, mwandiko umelalia kulia kama mpunga uliopigwa na upepo. Hiyo nimeisoma mara mbili, na nimeiweka ya mwisho.

Kwa wasomaji wapya: mimi ni mhazili mstaafu, naishi Tanga. Vidole hivi vimepitia penseli ya hatimkato, yale maandishi ya alama fupi ya kumfuata msemaji, taipureta ya mkono, taipureta ya umeme, na kompyuta. Mambo haya nayapenda, kwa hiyo mtanivumilia nikirefusha.

*Shikamoo Bibi. Baba yetu ametangulia mbele ya haki na ametuachia taipureta aina ya Olympia. Nimeifungua, vitufe vinacheza vizuri, ila herufi "a" inatoka kama nukta nyeusi na utepe umekauka. Ndugu zangu wanasema niipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nifanyeje? Fundi seremala, Muheza.*

Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Usiipeleke kwenye kilo. Mashine yako haijafa, ina uchafu tu, na uchafu wenyewe unanieleza kuwa baba yenu alikuwa akiandika Kiswahili.

Nitakwambia nimejuaje. Chukua tochi, inua kifuniko cha juu, uangalie vile vyuma vyenye herufi kwenye ncha. Angalia "a", kisha "q" na "x". Bila shaka "a" imejaa wino mkavu uliochanganyika na nyuzinyuzi za utepe mpaka kile kitumbo chake kimezibika, na "q" na "x" zinang'aa kama zimetoka dukani jana. Alfabeti yetu haina q wala x, na "c" haitembei bila "h". Lakini "a"! Andika tu "wanafunzi walisalimiana asubuhi" uhesabu. Waliopanga vitufe hivi walikuwa Wamarekani, Sholes na wenzake, mashine yao ikaanza kuuzwa na Remington mwaka 1874, na "a" wakaiweka chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Kwa Kiingereza ni kazi ndogo. Sisi tuliopiga chapa kwa Kiswahili kutwa nzima tulilala na kidole hicho kikiuma, na wengi wetu hadi leo tunakikunjua taratibu asubuhi.

Sasa usafishaji. Weka kitambaa chini ya vyuma vya herufi ili uchafu usidondokee ndani. Chukua mswaki mgumu wa zamani, uchovye kwenye spiriti kidogo, kidogo kabisa, usugue ncha za herufi ukivutia kwako. Tumbo la "a", "e" na "o" litoe kwa sindano, polepole, usikwaruze chuma. Kisha futa kwa kitambaa kikavu. Usitie mafuta kwenye ule mpangilio wa vyuma, na hasa mafuta ya kupikia usiyasogeze karibu. Yatanasa vumbi, na baada ya wiki tatu herufi zitapanda zisishuke.

Utepe: usitupe vile vigurudumu viwili vya zamani. Utepe wa taipureta nyingi una upana wa takriban milimita 13, kwa hiyo ukipata wowote wa upana huo unaweza kuuviringisha kwenye vigurudumu vyako hata kama umetoka kwenye mashine ya aina nyingine. Ukikosa, utepe wa nguo unaweza kulishwa wino wa muhuri wa aina ya mafuta, ukaachwa usiku mzima ujifyonze. Ule wino wa maji utakauka nawe utarudi ulipoanzia.

Jambo la mwisho. Rola ya mpira kwa umri huo imekuwa ngumu kama kwato. Ukiweka karatasi moja, nukta zitaitoboa. Weka mbili, ya nyuma iwe mto. Halafu andika barua ya kwanza kwa mama yenu. Kengele ikilia, maana yake mstari unakaribia kwisha. Atakumbuka mlio huo.

*Bibi, nina steshenari hapa Mbeya. Nachapa maombi ya kazi, mikataba ya nyumba, risala za harusi. Juzi nilichukua mkataba wa zamani kwenye kompyuta, nikabadilisha majina. Ukurasa wa pili likabaki jina la mpangaji wa mwaka jana. Mteja alirudi amewaka. Na kompyuta inapiga mstari mwekundu chini ya kila neno la Kiswahili mpaka siuoni tena. Ni kweli enzi za taipureta mlikuwa makini zaidi, au ni maneno tu ya wazee? Mama Steshenari.*

Mama, hatukuwa na akili kuliko ninyi. Tulikuwa na hofu zaidi, maana kosa lilikuwa na gharama. Na bado tulikosea, na mimi nitakueleza langu.

Mwaka 1981, katika ofisi moja niliyofanyia kazi, nilipewa barua ya kuagiza madawati 120. Nakala zilikuwa nne: ya juu na tatu za kaboni, ile karatasi nyeusi inayopeleka kila herufi kwenye karatasi ya chini yake. Nikapiga 210. Nililiona kosa kabla sijatoa karatasi kwenye rola, na hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu kusahihisha ya juu hakusahihishi za chini. Unatelezesha kipande cha karatasi nyuma ya kila kaboni ili usipake weusi, unafuta ya juu, unahamia ya pili, unafuta, ya tatu, unafuta, unatoa vipande vyote, unarudi kwenye nafasi ileile, unapiga tena. Nilifuta ya juu, nikafuta ya pili na ya tatu. Ya nne, ile ya faili, nikairuka. Ilikuwa karibu saa tisa na nusu, basi la kurudi nyumbani halingojei mtu.

Madawati yakaja 120, kama yalivyoagizwa. Miezi ikapita, wakaguzi wakafungua faili, wakaona 210, yenye namba mbili juu ya namba mbili, lakini 210 ikisomeka wazi zaidi. Madawati 90 yakahesabiwa kuwa yamepotea. Mtunza stoo, mtu mzima mwenye watoto, akapita kwenye korido za ofisi ile kwa wiki tatu watu wakinyamaza anapoingia. Barua ya juu ilipopatikana kwa aliyeipokea ndipo mambo yakaeleweka. Nilikwenda nyumbani kwake jioni, nikamwomba radhi mbele ya mkewe. Alinisamehe. Lakini zile wiki tatu sikuweza kumrudishia.

Tangu siku ile, chombo chochote cha kuandikia nikikikuta nakiuliza swali moja: kosa langu linakwenda wapi? Kwenye taipureta linajificha chini, kwenye nakala usiyoiona. Kwenye kompyuta, Mama, linajificha kwenye maneno uliyoyarithi, yale ambayo hukuyaandika leo. Ukurasa unatoka safi, mweupe, herufi zimenyooka, na macho yanaamini usafi huo. Karatasi yetu yenye kosa ilikuwa na kovu la kufutwa, hivyo msomaji alijua pa kuangalia mara mbili. Ya kwako haina kovu.

Kwa hiyo fanya hivi. Usianze kamwe na mkataba wa mtu. Tengeneza mkataba mtupu, na kila mahali pa jina, kiasi, namba ya nyumba na tarehe, andika xxx. Kiswahili hakina x, nimetoka kumwambia fundi wa Muheza hivyo hivyo. Ukimaliza kujaza, mwambie kompyuta itafute xxx. Ikiipata hata moja, usiprinti. Kisha soma kwa sauti na mteja akiwa amekaa mbele yako, yeye ameshika kitambulisho chake, wewe unafuata kwa kidole. Ofisini kwetu tulisoma wawili wawili, mmoja akisema mpaka "koma" na "nukta". Dakika tano.

Mstari mwekundu: ukiwa kila mahali ni sawa na kutokuwepo. Programu yako inadhani unaandika Kiingereza kibovu. Ingia kwenye mpangilio wa lugha ya kukagua tahajia, tafuta Kiswahili, ukichague kwa hati nzima. Kama hakimo, zima ukaguzi kwenye hati hiyo, urudi kwenye macho yako. Watu wetu walilifanyia kazi jambo hili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na mimi niliposoma neno "Hariri" juu ya kioo badala ya lile la Kiingereza nilisimama nikamwita binti yangu aje aone. Tulikuwa tumechelewa kufika hapo. Mwaka 1974 serikali yetu ilizuia kuingiza kompyuta nchini, na waliosoma uhazili miaka ile tulizigusa tukiwa na watoto wakubwa.

Na nakuomba kitu kimoja, kwa kuwa barua za mji mzima zinapita mikononi mwako. Kwenye ng' usisahau ile alama. Simu zimeificha ukurasa wa pili wa vitufe, basi watu wanaiacha, na sasa nasoma "ngombe" hata kwenye matangazo ya mnada. Kung'oa ni kutoa kitu na mizizi yake. Ngoa ni tamaa na wivu. Ni maneno mawili, na kati yao kuna kijikoma hicho tu.

*Bibi, mhadhiri wetu amekataza kompyuta mpakato darasani, anataka tuandike kwa mkono. Mimi nataipu haraka kuliko anavyoongea. Kwa mkono napitwa na nusu ya somo. Si kuturudisha nyuma huku? Mwanafunzi, Dodoma.*

Mjukuu wangu, kasi ninaijua. Nilifaulu hatimkato ya Kiswahili kwa maneno 100 kwa dakika moja. Tulitumia mfumo wa Pitman, Mwingereza aliyeutoa mwaka 1837, ambao unaandika sauti kwa mistari: mwembamba ni p, mstari uleule ukiukandamiza ukawa mnene ni b. Ndiyo sababu tulitumia penseli laini iliyochongwa kila asubuhi. Peni ya kawaida haijui unene wala wembamba, inatoa mstari mmoja tu, na "paba" na "baba" zinakuwa kitu kimoja.

Nimekaa kwenye vikao vya saa nne nikichukua kila neno. Nikitoka, mtu akiniuliza, "Wameamua nini?", sikuwa na jibu. Kweli kabisa. Maneno yaliingia sikioni yakatokea kwenye vidole, katikati hayakusimama popote. Ilinibidi nisome madaftari yangu mwenyewe kama barua ya mtu mwingine ndipo nijue kilichozungumzwa. Kwa mhazili hilo ni sawa, kwa kuwa kazi yake ni kuchukua. Wewe hukwenda Dodoma kuchukua.

Mkono unapopitwa unalazimika kuchagua, na kuchagua ni kuelewa kwa lazima. Unapoandika nusu ya somo, ile nusu umeipima. Chora mstari wima kwenye daftari, kushoto andika anachosema kwa maneno machache, kulia acha wazi. Jioni fungua kompyuta yako, sasa ndiyo zamu yake, uyapange upya kwa sentensi kamili, na pale usipoelewa ulichoandika weka alama ya kuuliza umpelekee mhadhiri kesho yake. Kasi yako ya kutaipu itakufaa sana kwenye tasnifu.

*Mwanangu wa darasa la tatu anauliza kwa nini kifuniko cha peni kina tundu. Nimeshindwa kujibu. Na je, aache penseli lini? Mama Ima, Iringa.*

Mwambie ni tundu la kumuokoa yeye. Mtoto akimeza kifuniko kikakwama kooni, hewa ipate pa kupita. Bic walianza kuweka tundu hilo mwaka 1991. Kuna jingine dogo ubavuni mwa peni, la kuingiza hewa ili wino ushuke. Na ncha ina kigololi cha milimita moja hivi kinachobingirika na kupaka wino. Aliyekifanikisha ni Mhungaria László Bíró, mwaka 1938, na Mfaransa Marcel Bich akaifanya peni ya bei ya kila mtu mwaka 1950. Mpe iliyokwisha wino aifungue, akitafute kigololi kwa kidole.

Penseli mwachie mpaka mkono uache kukandamiza. Geuza ukurasa wake upapase nyuma: ukihisi matuta, bado. Shule ikishaagiza peni, basi ni bluu au nyeusi, ndizo zitakazokubalika kwenye mtihani wa taifa, na michoro itabaki penseli.

*Kwa Mwandishi wa safu hii, salaam. Mimi ni mzee wa miaka themanini na mbili, wa Pangani. Nataka kuwaandikia wajukuu nasaba yetu na mipaka ya shamba la minazi, na wasia wangu kidogo. Wanangu wanasema wataniandikia kwenye simu. Mimi naogopa simu. Niandike kwa wino gani udumu?*

Shikamoo mzee wangu. Barua yako ndiyo ile ya bahasha. Hofu yako ina msingi, na mazoea ya kuusia kwa maandishi pwani yetu ni ya siku nyingi. Mwana Kupona, mshairi wa kule kisiwani Pate, alipomwandikia binti yake wasia mwaka 1858 akiwa mgonjwa, alimtaka asogee, aketi, na awe na wino na karatasi.

Wino wa wazee wale ulitoka kwenye masizi yaliyokorogwa na gundi ya mti, ukachovywa kwa kalamu ya mwanzi iliyochongwa ncha. Pale Siyu, kisiwani humohumo, walinakili misahafu kwa mkono, na ipo inayosomeka hadi leo. Siri ni masizi. Masizi ni kaboni, na jua halina la kuyafanya. Peni yako ya bluu ina rangi, na rangi hupauka. Weka karatasi dirishani miezi michache utaona. Kwa hiyo tafuta peni nyeusi ambayo kwenye maelezo yake wameandika kuwa wino haufutiki kwa maji wala haupauki. Andika kwenye karatasi nene, upande mmoja tu. Usitumie kalamu ya risasi kwa mipaka, si kwa sababu inapauka, la, risasi inadumu sana, ila kwa sababu mwenye nia mbaya ataifuta.

Risiti za mauzo ya nazi, zile zinazotoka kwenye mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, zitolee fotokopi mara moja. Zile hazina wino hata tone. Ni karatasi inayobadilika rangi kwa joto, na maneno yake yanaondoka yenyewe kabatini.

Lakini wanao wasikilize pia. Nina kisanduku cha disketi hapa nyumbani, kila moja ya megabaiti 1.44, ndani yake kuna kazi zangu za miaka sita, na sijui nyumba hata moja Tanga yenye mashine ya kuzisoma. Hiyo ni hofu yako, na ni ya kweli. Upande wa pili, karatasi yako ni moja. Mchwa mmoja, paa moja linalovuja, basi. Andika kwa mkono wako, kisha mjukuu aipige picha kila ukurasa, mchana, karibu na dirisha, na awapelekee wote waliopo Dar na waliopo Muscat. Yako ndiyo asili, za kwao ziwe nakala. Kwa mipaka ya shamba na mgawanyo wa mali, wasia huo uuweke mbele ya mashahidi na mwanasheria aupitie. Peni nzuri haitoshi mahakamani.

Ukikosea jina la bibi fulani kwenye nasaba, usifute wala usipake tipeksi. Kata kwa mstari mmoja, jina la kwanza libaki linasomeka, andika sahihi juu yake, na utie saini pembeni. Mjukuu atajua kuwa ulifikiri mara mbili, na huenda hilo jina ulilolikata likawa ndilo analolitafuta.

Na kila ukurasa uutie tarehe. Barua yako nimeigeuza mbele na nyuma, haina. Nimeiandikia mimi kwa penseli, pembeni juu, siku niliyoipokea.